Yuko Hapa Nyumbani

Maiti ilikuwa imeketi. Mgongo ulikuwa umeegemea jiwe, mguu wa kulia umenyooshwa na kufungwa vijiti viwili kwa kamba za viatu, na kofia imewekwa juu ya goti la kushoto. Mafundi wa nyaya za umeme walioiona kutoka juu ya korongo walidhani ni mtu anayepumzika. Walimwita mara tatu ndipo wakapiga simu polisi.

Inspekta aliteremka kwa kamba akiyalaani magoti yake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mgane wa miaka miwili, na kituoni walimsifu kwa jambo moja: alijua kunyamaza mpaka mwenzake achoke na kusema.

Daktari wa polisi alikuwa amechuchumaa kando ya maiti. "Paja limevunjika," alisema. "Aliteleza kule juu, akaanguka, akajifunga mguu mwenyewe. Halafu ameishi siku mbili, labda na nusu. Kiu na baridi ndivyo vilivyommaliza."

"Siku mbili alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anasubiri."

Sajini, mwanamke mwembamba asiyepitwa na kitu, aliita kutoka upande wa pili. Katika mwanya wa mawe, chini ya mkono wa marehemu, kulikuwa na kidude cha manjano kisichozidi pakiti ya sigara. Antena yake ilikuwa imekunjuliwa, kisha ikavunjika katikati. Kifuniko cha kitufe kilikuwa kimeng'olewa.

Inspekta alikitambua. Ilikuwa bikoni ya dharura, ile ambayo wapanda milima na wawindaji huibeba kwenda kusikoshika mtandao. Ukiibonyeza inatuma ishara angani, setilaiti inaidaka, na kituo cha uokoaji kinasoma namba inayoonyesha kifaa ni cha nani.

"Kwa hiyo aliita," Sajini alisema.

"Aliita. Nataka kujua nani alisikia."

Marehemu alikuwa mpima ardhi wa miaka arobaini na nne. Alipanda mlima ule kila mwezi, peke yake, na safari hii alimuaga mkewe Ijumaa akisema atarudi Jumanne. Ilikuwa Jumanne hiyohiyo.

Mkewe alikuwa mkutubi. Aliwapokea sebuleni, chini ya ramani tatu zilizobandikwa ukutani, akasikiliza habari ya msiba akiwa amesimama. Alilia kidogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha akaketi, akauliza alikufa lini.

"Kati ya Jumatatu usiku na leo alfajiri," Inspekta alisema. "Aliumia Jumamosi."

"Jumamosi." Alihesabu kwa vidole bila kujua. "Na ile bikoni? Alinionyesha. Aliniambia, 'Mke wangu, nikiibonyeza hii utapigiwa simu kabla sijamaliza kuanguka.' Alikuwa mtu wa utani."

"Ulipigiwa?"

"Na nani? Wikendi nzima simu ilikuwa mkononi."

"Hukuiacha popote?"

"Hata bafuni naingia nayo." Alimtazama Inspekta usoni. "Mbona mimi sikupigiwa?"

Inspekta alimwonyesha mfuko mdogo mwekundu wa turubai uliokuwa umeshonewa kwenye mkanda wa begi. Ndimo bikoni ilimokuwa ikikaa.

"Huu mliununua wapi?"

"Alikuja nao kabla hatujaoana. Nilitaka kumnunulia mwingine, akasema huo hauingizi maji."

Kituo cha uokoaji kilikuwa ghorofa ya nne ya jengo lenye lifti mbovu. Ofisa wa zamu ya Jumamosi alikuwa ameshapata habari. Kikombe cha chai kilikuwa kimepoa mbele yake, na hakuthubutu kukigusa.

"Ishara ya kwanza ilifika saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri," alisema. "Ya pili, saa tisa na arobaini. Basi."

"Mkaona mahali alipo?"

"Hapana, afande. Lile korongo ni jembamba, kifaa hakikupata anga ya kutosha. Tulipata namba yake tu. Kisha kikazimika."

"Antena ilivunjika," Sajini alisema.

"Sikujua hilo. Nilifuata kanuni. Ishara isiyo na mahali tunaithibitisha kwa mtu wa karibu aliyeandikishwa na mwenye kifaa. Nikampigia mkewe."

Inspekta na Sajini walitazamana.

"Alipokea?"

"Mlio wa pili tu." Ofisa aligeukia kompyuta. "Imerekodiwa."

Rekodi ilianza na mkwaruzo. Ofisa alijitambulisha, akataja jina la marehemu, akauliza kama anazungumza na mkewe. Kukawa kimya. Kwa nyuma kulisikika mashine fulani ikiunguruma, kisha ikakoma.

"Ndiyo," sauti ya mwanamke ilisema. "Mimi ni mke wake."

"Mama, tumepata ishara ya dharura kutoka kwenye kifaa chake. Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa nyumbani." Pumzi ilishuka. "Yuko hapa. Anarekebisha mlango wa jikoni. Itakuwa amekibonyeza kwa bahati mbaya, si unajua mambo yake."

"Kwa hiyo yuko salama?"

"Salama kabisa. Asante kwa kutujali."

Ofisa alifuta uso kwa kiganja. "Nikafunga faili. Na sikuwa na sababu ya kushuku. Miaka saba iliyopita ishara ilitoka kwenye kifaa hichohicho, tukapiga namba hiyohiyo. Mama huyohuyo alisema jamaa alikuwa anakijaribu jikoni. Siku hiyo tulimsikia mwenyewe akicheka nyuma."

"Basi mkutubi katuuzia mbuzi kwenye gunia," Sajini alisema.

Inspekta alifungua daftari, akalinganisha namba. "Si ya mkutubi. Wala sauti si yake. Rudia."

Waliisikiliza tena. Sajini alikunja uso. "Hawara, basi."

"Hawara akisikia jina la serikali anakata simu. Huyu alikaa akaongea. Rudia."

Mara ya tatu Inspekta alifumba macho. Katika kazi yake alikuwa amesikia waongo wa kila aina, na wote huongea wakiwa wamekaza misuli. Sauti hii ilikuwa imelegea. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetua mzigo kichwani.

Aliijua kwa sababu aliwahi kuitoa yeye. Miezi mitatu baada ya kumzika mkewe, muuza vyombo alibisha hodi akamuulizia mama mwenye nyumba. Inspekta alimjibu, "Yuko ndani, amejipumzisha." Yule muuzaji akaaga akaenda zake. Na mchana ule wote Inspekta alitembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake, akijitahidi asipige kelele. Hakumsimulia mtu.

"Sajini," alisema, "tafuta namba hii ni ya nani. Na ile mashine nyuma ya sauti ni cherehani."

Namba ilikuwa ya karakana ya kushona mahema na mabegi, mtaa wa mafundi chuma. Walifika saa nne asubuhi siku ya Jumatano. Mshonaji alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ina nguvu, futi ya kitambaa imening'inia shingoni. Majora ya turubai yalisimamishwa ukutani, moja likiwa jekundu.

"Karibuni. Mnataka hema au mna la kushonewa?"

Inspekta aliuweka mfuko mwekundu juu ya meza. "Hii ni kazi yako?"

Aliupindua, akaangalia mishono bila kuugusa sana. "Nyuzi tatu tatu. Yangu. Huu niliushona zamani."

"Naomba maji ya kunywa, dada."

Aliwapandisha ngazi hadi chumba cha juu alikoishi. Mlango wa jikoni ulikuwa umeinama kwenye bawaba zake, ukizuiwa na tofali lisilopakwa rangi. Inspekta alilitazama lile tofali kwa muda.

"Huna fundi wa mlango?"

"Yupo aliyeahidi." Alimpa bilauri. "Amefariki, sivyo?"

"Ndiyo."

Aliketi juu ya kitanda, taratibu, kama anayejaribu maji kwa mguu. Inspekta alimsomea haki zake: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na laweza kutolewa mahakamani. Sajini alitoa kalamu.

"Andika tu, mdogo wangu," mshonaji alimwambia Sajini. "Sitakusumbua."

"Mlijuana vipi?" Inspekta aliuliza.

"Tuliishi hapa miaka mitano. Aliondoka miaka sita iliyopita. Hakunivunjia heshima. Aliniambia uso kwa uso kwamba kuna mtu, akapakia nguo kwenye begi nililomshonea mwenyewe, akashuka zile ngazi. Akasema atapita wiki hiyo kuurekebisha mlango."

"Hakupita."

"Nilimwelewa. Mtu ameoa."

"Jumamosi saa tisa."

"Nilikuwa nashona zipu. Simu ikalia. Yule kaka akataja jina lake, akaniuliza kama mimi ni mke wake." Alinyamaza. Inspekta naye akanyamaza. "Afande, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Miaka mitano yote, hata yeye mwenyewe. Jibu lilikuwa neno moja, nikalisema. Baada ya hapo mengine yalijisema yenyewe. Aliponiuliza yuko wapi, nilimwona. Alikuwa pale, na bisibisi mkononi."

"Ulijua ishara ni ya dharura?"

"Nilijua."

"Ulijua hupanda mlima peke yake?"

"Nilijua."

"Ungeweza kupiga tena dakika tano baadaye."

"Nilikaa na simu mapajani mpaka jua likazama. Kila nikitaka kupiga, naona nikishapiga tu, hayupo tena hapa. Jumapili nikajiambia kifaa kimelia bure kama ile siku ya jikoni. Jumatatu nikajiambia hivyohivyo. Nilishona mahema mawili. Sikumchukia, wala sikutaka afe. Nilitaka awe nyumbani."

Kalamu ya Sajini ilikwama, kisha ikaendelea.

"Tangu Jumamosi, kila nikiona gari la polisi," mshonaji alisema, "nilitaka kuuliza jambo moja. Leo naliuliza. Kwa nini walinipigia mimi? Ana mke."

Katika faili la Inspekta kulikuwa na karatasi kutoka kituo cha uokoaji ambayo hakuwa amemwonyesha hata Sajini. Mkutubi angepaswa kuiona kabla ya kesi, na bado hakujua atamwambiaje. Angeweza kukaa kimya. Kwa hilo alikuwa hodari.

"Kila baada ya miaka miwili mwenye kifaa huulizwa kama taarifa zake, pamoja na namba ya mtu wa karibu, bado ni sahihi," alisema. "Tangu aoe ameulizwa mara mbili. Mara ya mwisho ilikuwa Machi mwaka huu. Alijibu ndiyo."

"Alisahau."

"Huenda."

"Au hakusoma. Hakuwa mtu wa kusoma karatasi."

"Huenda pia."

Mshonaji aliitoa ile futi shingoni, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa donge dogo kiganjani. "Lakini kama alisoma," alisema, "basi kule korongoni alikuwa anajua simu italia kwangu. Kwa siku mbili alijua ni mimi nitakayewatuma."

Chini barabarani fundi chuma alikuwa akigonga bati.

Sajini alimsomea maelezo yake tangu mwanzo. Aliyasikiliza yote bila kusahihisha neno, akachukua kalamu. Juu ya sahihi kulikuwa na mstari mmoja uliobaki wazi.

"Uhusiano na marehemu," Sajini alisema kwa upole. "Niandike nini, dada?"

Aliutazama mlango ulioinama.

"Andika hakuna," alisema, akaweka sahihi.