Sikio la Kwenye Bango

Wifi yangu, mke wa kaka, ni msanifu wa picha katika ofisi moja ya serikali. Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu zote: chai, miayo na waraka. Waraka ulieleza kuwa watumishi wamezidiwa na hofu, hivyo itengenezwe kolaji ya kidijitali ya "Hofu na Ujasiri", itundikwe ukumbini kabla ya wiki kwisha. Hofu ingetoka kwa mujibu wa kanuni.

Kolaji ni kukata vipande vya picha na kuviunga upya kwenye kompyuta. Wifi aliomba picha za wenzake. Kila mtu alitaka kuwa Ujasiri, lakini nafasi hiyo ilishachukuliwa na mkurugenzi, mikono kifuani, tumbo kalibana. Waliobaki wakawa Hofu: jitu lenye jicho la mhasibu na mdomo wa mlinzi wa getini. Likakosa sikio. Kwenye picha zote masikio yalifichwa na nywele au kofia. Wifi akakata la bintiye, picha iliyokuwa kwenye simu. Mtoto tunamwita Chiriku, maana hafungi mdomo.

Kesho yake mlinzi alikuja kazini bila sauti. Mafua hayo, wakasema.

Keshokutwa yake jicho la mhasibu likagoma kufumba. Alikunywa chai yake akimkodolea wifi, kope haichezi.

"Dada," akanong'ona, "jicho langu umelipeleka wapi?"

"Lipo kwenye faili."

"Basi lirudishe."

Kufikia mchana hakuna aliyemsalimia. Chai aliyowamiminia wenzake ikapoa bila kuguswa. Ndipo wifi akakumbuka sikio.

Akanipigia. Nilikuwa kwao nakunja nguo. Chiriku alikuwa sakafuni anachora, amenipa mgongo.

"Wifi, mwite mtoto. Kwa nyuma."

"Chiriku!"

Hakugeuka.

"Chiriku, njoo uchukue pipi!"

Penseli iliendelea kukwaruza. Nikachukua sufuria, nikaigonga kwa mwiko karibu na kisogo chake. Wapi. Nilipomgusa bega aliruka, akanitazama midomo.

"Shangazi, mbona unachezesha mdomo bila kusema?"

Nilimweleza wifi. Hakulia. Nikamsikia akibofya. Alifuta sikio, likarudi. Akafuta faili zima. Kompyuta ikamjibu kwa adabu ya kiofisi: faili linatumiwa na mtu mwingine.

Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Mkurugenzi, kwa maelezo ya katibu wake, alikuwa safarini. Lakini chini ya mlango wake taa ilikuwa inawaka.

"Jitu halikubali kubaki na pengo, wifi," akanong'ona. "Linataka sikio lingine."

"Toka humo!"

"Nikitoka, mwanangu je?"

Nikasikia mlio wa kamera. Alipiga picha sikio lake mwenyewe, la kushoto. Akalikata. Akalibandika juu ya la mtoto. Akahifadhi.

Chiriku akageuka. "Shangazi, unampigia nani kelele?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. "Amesikia! Wifi, mtoto amesikia!"

Upande wa pili nikasikia simu ikigongwagongwa.

"Wifi?" akaita, kwa sauti ya juu mno. "Mbona umenyamaza?"

Faili halikufunguka tena. Wifi alikwenda kuomba bango lisichapwe, akaambiwa limeshaidhinishwa. Likachapwa, likawekwa kwenye fremu ya kioo. Mlinzi na mhasibu walihamishwa kwa manufaa ya umma. Mkurugenzi, Ujasiri wetu, ananawiri tu.

Daktari hakuona kasoro kwenye sikio la wifi. Nasi tukizungumza, halisikii. Linasikia ukumbini. Atakuwa jikoni kwake, aseme nani anamsengenya nani mbele ya lile bango, na kesho yake tukiwauliza wenzake, huwa ndivyo.

Jumapili moja, ofisi imefungwa, tulikuwa mezani. Akaweka kijiko chini.

"Kuna mtu anahema."

"Wapi?"

Akaziba sikio kwa kiganja. Akaziba kwa nguvu.

"Karibu," alisema. "Karibu mno."

Asubuhi yake mhudumu wa usafi alikuta kioo cha bango kimeota ukungu. Ikaandikwa taarifa: unyevu, chanzo kinachunguzwa. Mhudumu akaelekezwa akifute kila siku, na anakifuta.

Ukungu uko upande wa ndani.