Kompyuta Iliyoita Kwa Mwamini

Mwamini Kapela aliposhuka kwenye treni ya sumaku pale Tabora, hakufungua mdomo wala mkoba. Geti la stesheni lilimtambua, likafunguka. Gari lisilo na dereva lilimsogelea, likamwita kwa jina, likamuuliza kama bado anapenda kiti cha kulia. Duka la maua lilimtumia pole ya msiba sikioni kabla hajalifikia. Yote hayo yalikuwa kazi ya Utando, mtandao ulioufunika mji mzima kutoka angani na kumjua karibu kila mtu kwa punje ndogo iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kiganja. Hakukuwa na nenosiri, hakukuwa na waya, hakukuwa na kuulizana. Mtu alizaliwa, akatiwa punje, akaunganishwa, basi.

Mwamini aliujua Utando kuliko wengi kwa sababu alikuwa miongoni mwa waliousuka. Kwa miaka saba alikuwa mhandisi katika Kituo cha Mzingo, nyumba ya vyuma inayoizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku, akifunga na kurekebisha mitambo inayoshusha mawimbi chini. Kazi ile ilimpa sifa nyingi, na zawadi mbili za serikali ambazo hakuwa na ukuta wa kuzitundika.

Gari lilimshusha mtaa wa Isevya, mbele ya nyumba ya marehemu baba yake. Mlango ulikuwa wa mbao. Alisimama mbele yake akisubiri ufunguke, nao ukabaki umefungwa. Ikambidi akumbuke namna ya zamani.

"Hodi," alisema.

"Karibu! Sukuma, huo hauna akili," ilijibu sauti kutoka ndani.

Alikuwa Shangazi Nyamizi, dada wa pekee wa baba yake, ameketi mkekani katikati ya mabunda ya kanzu, vyombo na vitabu. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya Mzee Kapela. Baada ya dua ya alasiri vitu vyake vingegawiwa kwa ndugu na majirani, na nyumba ingefungwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko juu hamli?"

"Tunakula."

"Mnakula nini, mwanga wa jua?" Shangazi alimvuta, akamkumbatia, na wote wawili wakalia kwa muda. Chombo cha kushusha watu kutoka Kituo kilikuja mara moja tu kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo Mwamini hakuwahi mazishi. Hilo lilimuuma, lakini halikuwa ndilo lililomkosesha usingizi.

Lililomkosesha usingizi lilikuwa la miaka saba nyuma. Mama yake alizikwa Jumatatu, na Alhamisi Mwamini akapanda chombo kwenda angani, kwa kuwa chombo hakingoji arobaini ya mtu. Baba yake alikuwa na desturi moja asiyoiacha: yeyote atokaye nyumbani kwake kwenda safari, hata kama ni ya Nzega na kurudi, alimwekea mkono kichwani na kumsomea dua. Asubuhi ile Mwamini aliinamisha kichwa mlangoni akangoja. Mzee alimtazama, akasema, "Nenda," akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakupata neno lake hata moja. Mara mbili kwa mwaka shangazi, ambaye kama wazee wengi wa mtaa ule hakutiwa punje, alikwenda kwenye kibanda cha Utando mjini kumpelekea salamu, na kila mara alisema, "Baba yako anasema anakuandikia kila Ijumaa." Mwamini aliitikia tu. Alijua wazee husema uongo wa heshima ili watoto wasiumie.

Sasa baba alikuwa kaburini, naye hakujua kama alikufa akiwa radhi naye. Mtu aliyekosa radhi ya mzazi ataiomba kwa nani?

"Shangazi, ile kompyuta niliyomwachia ipo?"

"Ipo pale dirishani. Nimeshamwahidi fundi wa vyuma, anakuja kuichukua alasiri. Unaitakia nini?"

"Nataka kujua kama aliniandikia kweli."

Shangazi aliiweka kando kanzu aliyokuwa akiikunja. "Basi fanya haraka," alisema. "Nikishaahidi, nimeahidi."

Ilikuwa kompyuta ya mapajani ya zamani, nyeusi, inayokula umeme wa jua kutoka bati la juu. Ilikuwa ikitumia Linux, mfumo uliotolewa bure na watu wa kale waliopenda kila mtu aweze kuona ndani ya mashine yake kuna nini. Mwamini mwenyewe ndiye aliyeuweka. Juu ya mfuniko rangi ilikuwa imechujuka mahali pamoja, mduara wa ukubwa wa kiganja. Aliupitishia kidole, akadhani ni jua.

Alifunua. Skrini iliwaka bila kusita. Kwenye kona ya juu, alama ya mtandao usio na waya ilikuwa imekatwa msalaba, na kwenye programu ya barua, Kasha la Kutoka liliandikwa: 338.

"Zimo," alisema. "Barua zimo, shangazi. Hazikutoka."

"Hazikutokaje? Alikuwa akibonyeza, barua inatoweka. Alisema ikitoweka imefika."

Mwamini alibonyeza kasha ili azisome. Likadai nenosiri la msimamizi, kwa sababu barua zilizomo humo hufungwa mpaka zipate njia. Nenosiri hilo alilitunga yeye miaka saba iliyopita, usiku wa kufunga mizigo, ili mzee asije akagusa kitu akaharibu. Hakulikumbuka. Alijaribu mara sita, mara zote likakataliwa. Wala hakuthubutu kuizima na kuingilia kwa mlango wa nyuma, maana diski nayo aliifunga kwa ufunguo mwingine mrefu, na ikizimwa haifunguki bila ufunguo huo.

"Ilizimwa lini mara ya mwisho?"

"Kuzimwa? Si wewe uliyemwambia, baba usiizime kamwe? Hata mvua za mawe hakuizima. Alikuwa akiifunika blanketi."

Mwamini alifumba macho. Ndivyo tulivyo mafundi, aliwaza: tunamfungia mtu mlango asiibiwe, kisha tunaondoka na ufunguo. Njia ilibaki moja, kuirudishia kompyuta mtandao wake ili barua zitoke zenyewe. Lakini kwa nini haukuwapo?

Alianza na la kwanza ambalo kila fundi huanza nalo. Pembeni mwa kompyuta kulikuwa na swichi ndogo ya kuzima redio ya mtandao. Ilikuwa upande wa kuwaka. Akafungua dirisha jeusi la amri, akauliza kama mfumo wenyewe umeifunga redio. Haukuifunga. Akauliza kama mashine inakiona kifaa chake cha mawimbi. Inakiona, ikakitaja kwa jina na namba. Akapekua kumbukumbu za mfumo kuona kama programu inayokiendesha kifaa ilivunjika kwa uzee. Nzima.

"Sisi tulikuwa tunaipiga kofi," shangazi alisema.

"Haina ugonjwa, shangazi. Kila kitu ni kizima."

"Mgonjwa asiye na ugonjwa ndiye wa kuogopa."

Aliiamuru itafute mitandao iliyo karibu. Ilitafuta, ikarudi mikono mitupu. Hilo alilitegemea: Utando hautumii mawimbi yale, na yale ya zamani yalizimwa nchi nzima. Ukutani kisambazi cha zamani, kisanduku kilichokuwa kikiigawia nyumba mtandao, kilikuwa bado kinaning'inia, taa zake zimekufa. Alitoa mkobani kipimo-mawimbi chake cha kazini, kidude cha ukubwa wa kopo la kahawa chenye uwezo wa kusikia na kutoa mawimbi ya kila aina. Akarusha mtandao mpya, akauita Jaribio. Kompyuta iliuona mara moja, ikauliza: nenosiri la msimamizi? Hata kuongeza mtandao mpya alikuwa amekufunga. Kwa jinsi alivyompenda baba yake, alimfungia kila kitu.

Adhana ya adhuhuri ilipita. Shangazi alileta chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akamwekea karibu. Mwamini hakuvigusa. Aliuzima mtandao wa Jaribio, akakiacha kipimo kikisikiliza tu, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa ufundi. Ndipo kioo chake kikaandika mstari mmoja. Baada ya muda kikauandika tena. Kitu fulani mle chumbani kilikuwa kikiita jina.

Kwa Mwamini.

Kwa Mwamini.

Alikisogeza kipimo karibu na dirisha, na mwito ukazidi nguvu. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiita. Zamani, mtu akitaka mtandao wa nyumbani kwake usionwe na wapita njia, aliuficha jina. Mashine iliyozoea mtandao wa namna hiyo haiwezi kuuona kwa macho. Hulazimika kupaza sauti na kuuliza: upo? Kisha husubiri, na isipojibiwa huuliza tena. Mwamini aliuficha mtandao wa nyumbani kwake Dodoma, alikoishi kabla ya kwenda angani, na kisambazi cha baba akakipa jina lile lile na nenosiri lile lile, ili mzee akija kumtembelea asihangaike. Kompyuta ilifundishwa nyumba moja tu duniani, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikiipigia hodi.

Hapo akakumbuka jambo jingine, na hili ndilo lililomkalisha chini. Miezi mitatu baada ya kupanda angani aliletewa hati ya kuzima mawimbi ya zamani. Iliambatana na ripoti: vifaa vilivyounganishwa havifiki hata kimoja kwa kila elfu, vizimwe. Alitia sahihi akinywa chai. Ripoti ilihesabu vilivyounganishwa. Hakuna aliyehesabu vitakavyobaki vikiita.

"Ni mimi," alisema. "Shangazi, ni mimi niliyekizima kisambazi cha baba."

"Ulijua?"

"Sikujua. Sikuuliza."

Shangazi hakumtuliza, wala hakumlaumu. Alimsogezea chai. "Basi kiwashe," alisema.

Mwamini aliamuru kipimo kirushe mtandao wa siri uitwao Kwa Mwamini, na kuuunganisha na Utando. Ilibaki nenosiri. Lile la msimamizi alilitunga mara moja akalisahau, lakini hili la nyumbani alikuwa akiwatajia wageni mlangoni kila siku, nao wakicheka, kwa sababu ni Mnyamwezi gani asiyetaja chakula cha kwao? Alikitazama kisahani kilichokuwa mbele yake. Akaandika: matobolwa.

Hakuigusa tena kompyuta. Iliita mara moja zaidi, na safari hii ikajibiwa. Msalaba uliokuwa kwenye kona ukafutika. Ile 338 ikawa 337, ikawa 336, na sikioni mwa Mwamini, kupitia Utando alioujenga kwa mikono yake, barua za baba yake zikaanza kuingia.

Alifungua ya kwanza kwenye skrini, maana iliyokwisha kutoka haifungwi tena. Tarehe yake ilikuwa siku nane baada ya ile hati.

"Kwa binti yangu Mwamini. Nilikukasirikia, na hasira yangu hupoa polepole kama uji wa mtama. Imepoa. Nilikuacha uondoke bila dua, na tangu hapo sipati usingizi. Mkono wangu haufiki huko uliko, kwa hiyo nimeuweka juu ya kompyuta hii uliyonipa, nikasoma. Naomba ihesabike."

Alisoma ya pili, ya kumi, ya mia. Mzee aliandika juu ya bei ya asali, juu ya goti lake, juu ya jirani aliyeozesha binti. Kila moja ilimalizia pale pale: nimeweka mkono, nimesoma. Ya mwisho iliandikwa Ijumaa ya kabla ya kifo chake.

"Hujibu, lakini najua kazi zako. Usijisumbue. Mkono nimekwisha kuweka. Niko radhi nawe, kama Ijumaa iliyopita na ile ya kabla yake."

Mwamini aliifunika kompyuta. Ule mduara uliochujuka ulikuwa pale pale, sawa na kiganja cha mtu mzima. Aliinama, akaweka paji la uso juu yake, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akilia kwa sauti. Alimkumbuka baba yake kwa hamu isiyo na pa kwenda. Shangazi Nyamizi alikaa kando yake.

Alipoinuka kujifuta, aliona kioo cha kipimo bado kinaandika. Kompyuta ya baba ilikuwa imetulia, haina tena haja ya kuita. Lakini sasa kwa kuwa sauti yake ya karibu ilinyamaza, zilisikika nyingine, hafifu, kutoka nyumba za mtaani.

"Bi Kaswende Nyumbani," Mwamini alisoma.

"Huyo yupo nyuma ya msikiti. Wanawe wote wako miji ya mbali. Analalamika hawamjibu."

"Kwetu Kalunde."

"Mzee Mlela. Alikufa mwaka juzi. Mkewe yupo."

"Kwa Kaka Shija."

Shangazi alikisogelea kioo. "Ziko ngapi hizo?"

"Hapa ninaziona kumi na nne. Nchi nzima sijui." Mwamini alikitazama kipimo. Majina alikuwa nayo, na mtandao wa kila jina angeweza kuurusha pale pale. "Ila maneno yao ya siri siyajui, shangazi. Hayamo popote kwenye Utando. Wanayajua wenyewe, na wageni wao."

Nje fundi wa vyuma alikuwa amefika mapema, anasafisha koo. Shangazi alitoka akamwambia ile kompyuta haigawiwi, amsamehe, atapewa baiskeli. Kisha akarudi akajifunga khanga kiunoni, akachukua kisahani cha matobolwa, maana haendi mtu nyumbani kwa mtu mikono mitupu.

"Dua ni alasiri, muda bado upo," alisema. "Beba hilo kopo lako, tuanze na Bi Kaswende. Kule nako milango ni ya mbao, ujue. Utapiga hodi."