Ndege ya Papy

Haya yalimpata rafiki yangu Nuru, fundi wa vichezeo, hapa Kamina, wakati wa vita vya mwaka wa tisini na saba. Mama Papy, muuza mikate wa kambi ya askari, alimletea ndege ya plastiki, kichezeo cha zamani kilichogeuka manjano.

"Ifanye nyeupe, dada. Papy akirudia nyumbani, aikute mupya."

Papy, mtoto wake wa miaka kumi, alikuwa amechukuliwa na askari akawabebee risasi. Nani aliwapa haki hiyo?

"Jua njo fundi, mama," Nuru alijibu, yaani jua ndilo litakaloing'arisha. Akaipaka oksijene, ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, akaianika uani, akafunga lango. Mahali palipofunikwa, jua lisipofika, hubaki manjano. Mchana kutwa hakuna aliyeingia, hata kuku hawakulia.

Jioni ndege ilikuwa nyeupe, ila mgongoni ilibaki alama ya manjano ya vidole vidogo.

"Iko mukono ya kushoto," Mama Papy alisema alipokuja kuichukua. "Papy anashikaka na kushoto."