Aliyeziba Kidaka

Mwanaasha aliporudi Kunduchi kutoka msibani Rufiji, alisimama kizingitini na mzigo wake kichwani, akahisi kuna kitu hakipo. Harufu. Nyumba ile ya mawe aliyoijenga babu yake ilikuwa na harufu yake, ya chokaa, udi na boriti za mikoko, naye aliijua kama alivyojua jasho la mama yake. Leo ilinuka saruji.

Aliingia ukumbini. Kuta zote zilikuwa za kijivu, zimepigwa plasta hadi juu. Na kando ya mlango wa chumba cha mama, pale palipokuwa na kidaka, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea chetezo cha udi, palikuwa ukuta mtupu.

Jina la mdogo wake lilimfika kwenye ulimi, akalimeza.

Katika ukumbi ule hakuna mtu aliyewahi kuitwa kwa jina. Mafundi wa babu walipochoma matumbawe tanuri zima, wakapata chokaa na kuanza kusimamisha kuta, waligundua kiwanja kina mwenyewe, naye si binadamu. Wakapatana naye. Yeye angeachiwa kidaka kimoja akae, afukiziwe udi kila Alhamisi jua likizama, na asitajiwe jina la mtu hata mmoja, maana jini asiyelijua jina lako hana pa kukushika. Ndiyo maana watoto wa nyumba ile walikua wakiitana dada, kaka, mdogo wangu. Aliyejisahau alizabwa kibao kabla jina halijaisha kutoka.

Kondo, mdogo wake, alikuwa ua wa nyuma, anapiga picha kwa simu.

"Shikamoo, dada. Pole na msiba. Unaonaje sasa? Si nyumba imekuwa nyumba?"

"Nani kakuruhusu?"

"Kwani mie si mtoto wa humu? Dada, nilikuwaga naona aibu kuleta wenzangu wa ofisini. Kila mvua ikipita mnapaka chokaa, mnapaka chokaa, kama mnaogesha mzee."

"Yule binti wa Idara ya Mambo ya Kale aliyekuja kuikagua nyumba alikwambia ukiwa umekaa barazani hapo, nami nasikia. Matumbawe yanakunywa unyevu na kuutoa. Ukiyavika saruji umeyaziba pumzi. Alikwambia au hakukwambia?"

"Yule mwenyewe anakaa nyumba ya tofali!" Kondo akacheka. "Na lile tundu lenu la mende nimelifukia na chetezo chake humo humo. Ishu imekwisha."

Mwanaasha alimtazama kijana aliyemlea mgongoni, akatamani kumrarua. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lilikuwa limesikia vizuri sana, likapuuza. Kondo akapanda bodaboda yake, akarudi Kimara kwa mkewe.

Ndipo Mwanaasha akaingia kumwona mama.

Bi Zubeda alikuwa amelala chali, midomo imemkauka, anavuta pumzi fupi fupi. "Tangu waanze kupiga plasta," alisema kwa taabu. "Kifua kimebana, mwanangu. Nimemwambia mdogo wako. Kasema uzee."

Mwanaasha hakungoja. Alimwita Alfonsi, jirani mwenye bajaji, wakambeba mama kwenda hospitali. Walipofika kizingitini pumzi ya Bi Zubeda ikakatika. Haikupungua, ilikatika, kama mtu aliyebanwa pua na mdomo, na uso ukaanza kuwa mweusi. Wakarudi naye ndani hatua chache, akavuta pumzi kwa kelele. Wakajaribu tena kwa mlango wa uani. Ikawa vile vile.

Alfonsi alimlaza taratibu kitandani. "Dada," alinong'ona, "mie huyu simtoi tena. Kuna mtu kamshika kwa upande wa pili."

Mwanaasha alitoka barazani kumpigia mdogo wake, akamweleza yote. Kondo alisikiliza huku anatafuna kitu.

"Mpeni dawa ya pumu. Nyie na majini yenu mtamuua mama kwa ushirikina."

"Njoo na nyundo, ufungue ulichoziba. Mkono uliofunga ndio ufungue."

"Nina kikao, dada."

Na simu ikakatwa. Mama anakata roho, mtu ana kikao! Mwanaasha alikaa barazani na hasira yake, akimngoja labda atabadili nia, mpaka jua likaanza kushuka.

Aliporudi ukumbini, kuta zilikuwa zinatoka jasho. Matone manene yaliteremka juu ya plasta, na alipogusa moja na kulionja lilikuwa chumvi tupu. Pale palipokuwa kidaka, plasta ilikuwa imefura. Akatega sikio. Mama alipovuta pumzi chumbani, ukuta ulishusha. Mama aliposhusha, ukuta ulivuta, pole pole, pumzi ndefu ya kitu kikubwa kilichobanwa mahali padogo, na kila ukuta ulipovuta, ya mama ilizidi kuwa fupi.

Alichukua tindo na nyundo ya marehemu baba yake, akapiga. Alipiga kwa ghadhabu, si kwa ujasiri, huku akimlaani aliyelipa hiyo saruji, na kila pigo liliitikiwa kwa ndani kama kuna anayepiga naye, hata kipande kikubwa cha plasta kikamwangukia miguuni na harufu ya udi ulioungua siku nyingi gizani ikamjaa puani na machoni, na katika lile tundu jeusi akaona chetezo cha babu kikiwa na kaa jekundu, ilhali hakuna mkono uliokitia moto.

Kisha sauti ikatoka chumbani, kwenye kinywa cha mama yake, lakini haikuwa ya mama yake.

"Nani aliyeniziba?"

Mwanaasha alipiga magoti. "Nimekufungulia. Udi wako nitakuletea. Plasta yote nitaibomoa, kuta nitazirudishia chokaa yake. Tusamehe."

"Nimekaa nanyi kwa wema tangu ukuta wa kwanza. Sikumgusa mtoto wenu. Nani aliyeniziba? Nipe jina."

"Hatutaji majina humu. Ndiyo ahadi."

"Ahadi mmeivunja nyinyi."

Na pumzi ya mama ikakatika.

Mwanaasha alingoja irudi, haikurudi, akasikia vidole vya mama vikikwaruza godoro, akafikiria kutoa jina lake mwenyewe, akafikiria jina la marehemu yeyote, na katikati ya hofu ile akaisikia tena sauti ya mdogo wake, ile ya kutafuna, ile ya nina kikao, na hasira ikampanda, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshapiga kelele ukumbini, mbele ya kidaka, jina zima.

"Kondo! Kondo bin Pazi! Anakaa Kimara!"

Kaa la chetezo likazimika.

Bi Zubeda alivuta pumzi, ndefu, safi, akaishusha. Akavuta nyingine. Kuta zikaacha kutoka jasho. Mwanaasha alikaa sakafuni juu ya vipande vya saruji, akalia kwa furaha. Hapo simu yake ikaita. Alikuwa wifi yake, Tupokigwe, mke wa Kondo.

"Wifi, kwema huko?" Alikuwa ananong'ona. "Mdogo wako alikuwa hapa sebuleni, kakaa kwenye kochi, anaongea na mie. Nimegeuka kuchukua chai, nimerudi hayupo. Mlango nimefunga mwenyewe kwa ndani. Wifi, ukuta unatoka maji. Kuna mtu anapumua humo ndani, anapumua kwa shida."

"Chukua nyundo," Mwanaasha alisema. Hasira ilikuwa imemwisha yote. "Wifi, nakuomba, chukua nyundo uubomoe!"

"Nibomoe upi, wifi? Zinapumua zote."

Kutoka chumbani Bi Zubeda akaita, kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu aliyepona.

"Ni mdogo wako huyo kwenye simu? Mwambie aje nimwone. Mwambie sasa napumua vizuri."