Shavu la Saimi na Sauna ya Babu

Kila asubuhi, kabla ya uji wa shayiri, Saimi Kettunen aliketi chini ya taa ya jikoni ili mama yake alikague shavu lake la kushoto. Mama alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akapaka mafuta kidogo pembeni mwa mishono, kisha akarudi nyuma hatua moja na kulitazama kama seremala anavyotazama meza aliyoimaliza.

"Rangi yake nzuri," alisema mama. "Juzi hapa chini palikuwa pamepauka, leo pana uwaridi."

"Limeshika?"

"Linashika. Usiliguse, usilisugue, na sauna usiisogelee mpaka daktari aseme. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Hata shavu lenyewe limesikia."

Wakacheka wote wawili, maana ngozi ya shavu hilo ilitoka nyuma ya sikio.

Ajali ilitokea mwezi wa Novemba, kwenye sauna ya babu, kile kibanda cha magogo kando ya ziwa ambamo familia nzima huoga kwa mvuke kila Jumamosi. Saimi aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, akaangukia jiko la chuma linalopasha mawe moto. Babu alimnyanyua, akamtoa nje, akalimwagia shavu maji ya ziwa polepole kwa muda mrefu, bila kupaka siagi wala dawa yoyote ya kubahatisha, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale yalisaidia sana. Hata hivyo moto ulikuwa umeingia ndani mno. Kidonda kingeachwa kipone chenyewe, kovu lingejikunja na kuvuta jicho na pembe ya mdomo.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa Desemba, Daktari Hilkka Lindroos, mpasuaji katika hospitali ya mjini, aliiondoa ngozi iliyokufa, akakata kipande kingine nyuma ya sikio la Saimi, akakishona mahali pake na kukigandamiza kwa bandeji nene.

"Ngozi hii ni mgeni," alimweleza Saimi siku ile. "Mwanzoni haina mishipa. Inakunywa tu majimaji ya kidonda kilicho chini yake. Kisha mishipa midogo sana inapanda kutoka chini, inaingia ndani yake, inaanza kuilisha. Ukiisugua, mishipa inakatika. Damu ikijikusanya chini yake, ngozi inainuliwa, inakosa chakula, inakufa. Kazi yangu nimemaliza. Iliyobaki ni yako."

Saimi aliipenda kazi hiyo. Alilala chali, alikula taratibu, alikaa nje ya mchezo wa magongo kwenye barafu bila kununa. Shuleni aliwasimulia wenzake habari za mishipa ile mpaka mwalimu akamwomba apumue kidogo. Hakuwa na aibu hata chembe. Ni nani mwingine darasani aliyewahi kuhamishwa ngozi?

Aliyekuwa na aibu ni babu yake, Taavetti. Mzee huyo alikuwa amejenga sauna za nusu ya kijiji, na ya kwake ndiyo aliyojivunia kuliko zote. Tangu ajali itokee aliifunga kwa kufuli. Watu walipouliza, alisema bomba la moshi lina ufa. Siku hizi alioga bafuni ndani ya nyumba, akatoka na sura ya mtu aliyelazimishwa kunywa dawa chungu. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi, lakini sasa mluzi wake haukusikika tena, na Saimi alijua sababu. Jambo hilo lilimuuma kuliko mishono.

Mkesha wa Krismasi mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee mpaka kesho yake mchana. Saimi na babu walibaki wawili, na paja la nguruwe likiiva polepole kwenye oveni. Mchana, Oskari Pirhonen, mtoto wa jirani anayesoma naye darasa moja, alikuja kwa ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, akiwa na mkate wa Krismasi kutoka kwa bibi yake.

"Mbona kwenu hamna moshi?" aliuliza akikung'uta theluji kwenye viatu. "Kijiji kizima sauna zinafuka, ya kwenu tu ndiyo imelala."

"Bomba lina ufa."

"Ufa gani huo wa mwezi mzima? Bibi anasema babu yako amekwisha. Anasema mzee akikosa sauna ya Krismasi, ujue hata mwaka hamalizi."

"Mwambie bibi yako ashughulike na mikate yake!" Saimi alimfokea. "Hata huu umeungua chini!"

Oskari alicheka, akageuza ski zake, akaenda zake. Saimi alibaki mlangoni na mkate mkononi, machozi yakimlengalenga. Pale dirishani babu alikuwa amesimama, anaitazama mioshi ya majirani ikipanda juu ya misonobari. Hakika alikuwa amesikia kila neno.

"Babu," Saimi alisema, na maneno yakamtoka kabla hajayafikiri, "tuwashe sauna. Daktari amesema naweza kuingia, mradi nikae benchi la chini."

Babu aligeuka taratibu. "Amesema hivyo kweli?"

"Kweli."

"Na mama yako anajua?"

"Anajua."

Uso wa mzee ulibadilika palepale. Alivaa kofia yake, akachukua funguo, akatoka nje mbiombio kana kwamba sauna ingehama asipoiwahi. Baada ya muda mfupi moshi ulipanda juu ya paa, na Saimi akasikia mluzi. Alifurahi mpaka akajisahau.

Ndani walikaa kimya, kama wanavyokaa watu wenye heshima siku hiyo. Babu alimwaga maji kwenye mawe kidogokidogo kwa ajili yake. Mvuke ulimfunika Saimi kwa upole. Jasho likaanza kumtiririka, shavu likaanza kumwasha, naye bila kuwaza akashika taulo na kujifuta uso kwa nguvu, kama alivyozoea tangu utotoni. Kitu kidogo kikateleza chini ya ngozi, karibu na taya.

Moyo ulimpiga paa. Aliliweka taulo kando, akamgeuzia babu shavu la kulia.

Asubuhi ya Krismasi shavu lilikuwa likigonga kwa maumivu. Saimi alijitazama bafuni. Sehemu kubwa ilikuwa bado na uwaridi wake, lakini ukingo wa chini ulikuwa umevimba na kugeuka zambarau. Alijua mara moja ni nini: damu ilikuwa imejikusanya chini, na ile ngozi mgeni ilikuwa imeinuliwa kutoka kwenye chakula chake.

Alichukua skafu, akajizungushia mpaka puani. Angesema ana mafua. Mama angerudi amechoka, angelala, na kesho yake labda uvimbe ungepungua wenyewe.

Jikoni babu alikuwa akikoroga uji wa mchele na kupiga mluzi uleule. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Krismasi njema, mtoto wangu! Jumamosi nataka tuwaite akina Pirhonen waje kuoga. Yule bibi aje aone kama nimekwisha."

Saimi aliikaza skafu puani. Akisema ukweli, mluzi ungekatika, na safari hii babu angeiacha sauna ioze na kufuli lake. Asiposema, ngozi ingekufa. Alisimama hapo akipima, na kila alivyopima, shavu liligonga. Mwishowe alivuta skafu chini.

"Babu, nilikudanganya. Daktari hakuniruhusu. Mama hajui lolote. Nilijisugua kwa taulo, na sasa damu imejaa chini ya ngozi."

Kijiko kilisimama ndani ya sufuria. Babu alimsogelea, akainama, akaliangalia shavu bila kuligusa. Kisha akazima jiko.

"Vaa koti," alisema. "Nakwenda kuwasha gari."

Alimpigia mama simu, akamweleza kwa maneno machache wakutane hospitalini. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu.

"Ulinidanganya kwa ajili ya sauna tu?" babu aliuliza hatimaye.

"Kwa ajili yako. Ulikuwa umeacha kupiga mluzi."

Mzee alikaza macho barabarani.

"Bomba la moshi halina ufa," alisema. "Halijawahi kuwa na ufa. Niliona haya, Saimi. Nimewajengea watu sauna maisha yangu yote, halafu yangu ndiyo ikakuunguza wewe. Sikuweza kulisema hilo, ndiyo nikasingizia bomba. Kwa hiyo ndani ya gari hili tuko waongo wawili."

Saimi alicheka na kulia kwa pamoja. Alihisi mzigo umemtoka kifuani.

Daktari Lindroos ndiye aliyekuwa zamu. Alimlaza Saimi chini ya taa kubwa, akamchoma sindano ya ganzi, akafungua mishono ya ukingoni na kuitoa damu iliyoganda. Aliosha kwa maji ya chumvi, akailaza ngozi tena na kuigandamiza kwa bandeji. Mama alikuwa amefika, bado na sare yake ya kazi, naye aliushika mkono wa Saimi bila kumgombeza. Kugombezwa kulikuja baadaye, tena kwa kirefu.

"Itapona?" Saimi aliuliza.

"Nadhani. Chini bado pana uhai. Mngengoja siku moja au mbili zaidi, nisingekuwa na la kufanya."

Babu aliivua kofia yake. "Daktari, niambie wazi. Ile sauna niivunje?"

"Uivunje?" Daktari alimkazia macho. "Mzee wangu, mimi mwenyewe nikitoka zamu hii naenda kwenye yangu. Jenga uzio wa mbao kuzunguka jiko, mtu akiteleza ashike mbao badala ya chuma. Na huyu aingie nitakaposema mimi."

Uzio ulijengwa wiki hiyohiyo, mbao zikapigwa randa mpaka zikawa laini. Kabla Januari haijaisha, babu alikuwa amewapelekea majirani wote habari za uzio, akawapimia na majiko yao. Alipoulizwa sababu alisema bila kumumunya maneno: mjukuu wake aliungua kwenye jiko lake, na hataki mwingine aungue.

Mwezi wa Machi Saimi alirudi hospitalini na mama na babu kukaguliwa mara ya mwisho. Babu alivaa suti yake ya mazishi na harusi. Ukingo wa chini ulikuwa umeacha mstari mwembamba mweupe, lakini jicho halikuvutwa, mdomo haukupinda, na alipotabasamu shavu lote lilifuata. Daktari Lindroos alifurahi mpaka akawaita madaktari wanafunzi waje kuona.

"Ngozi hii ilijaa damu siku ya Krismasi," aliwaambia. "Nani ataniambia kilichoiokoa?"

"Kuitoa damu mapema," alisema mmoja.

"Bandeji ya kugandamiza," alisema mwingine.

"Ni ulimi wake," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Wote wakageuka. Taavetti Kettunen, ambaye watu wa kijiji wangekula kiapo kwamba hajawahi kumsifu mtu hadharani, alikuwa amesimama.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Aliniona nina furaha siku ile, akajua ataiharibu, na bado akaniambia ukweli kabla sijamuuliza. Angenyamaza, hiyo damu nyie mngeijua saa ngapi?"

Saimi aliinua kidevu chake, masikio yakimwaka kwa fahari.

"Mzee ndiye aliyepata," alisema Daktari Lindroos. "Mimi najua kushona, lakini siwezi kutibu nisichoonyeshwa. Na wewe Saimi, ukumbuke hili utakapokuwa mkubwa: kosa la taulo lilikuwa dogo, uongo ndio uliolikuza, na ukweli uliousema mapema ndio uliookoa uso wako. Sasa nenda kaoge. Nimekuruhusu mimi mwenyewe, na safari hii mama yako yupo, anasikia."