Dirisha Halikutajwa

Kwetu Makomeno, mtaa mmoja wa Lubumbashi, siku haikuisha kabla Papa hajasimama mlangoni. Papa yangu, Adalbert, alikuwa seremala wa mabehewa ya treni, na mlango wetu aliuchonga mwenyewe. Juu yake alichomeka tawi la mtende lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Kila jioni baada ya sala aliweka mkono kwenye mwimo wa mlango na kutukumbusha sheria za nyumba. Mimi na mdogo wangu Chance, mwenye miaka tisa, tulijibu pamoja, "Ndiyo, Papa."

Hapa sina budi kukiri, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba mimi Dorcelle nilikuwa mtaalamu wa sheria. Papa alipoagiza, "Mutu asitie mukono mu sukari," sikutia mkono. Nilitia kijiko. Bwenini kwa masista, nilikosoma, tulikatazwa kupiga kengele kabla ya saa. Sikuipiga hata siku moja. Nilifunga tu kamba yake kwenye pembe za mbuzi wa Sista Mkuu, na mbuzi hakuwa amesomewa kanuni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa maoni yangu sikuwa nimewahi kuvunja amri yoyote. Nilizizunguka.

Kisha ukaja mwezi wa kumi wa mwaka 1991. Tayari kazi nyingi mjini zilikuwa zimesimama, na mposho, ule unga ambao wafanyakazi walizoea kupewa kila mwezi, ulikuwa umegeuka hadithi. Asubuhi moja tulisikia risasi. Wanajeshi walianza kuvunja maduka, na jua lilipopanda watu wa kawaida wakawafuata. Sisi Lubumbashi tuliita jambo hilo pilaje. Masista walituambia turudi kila mtu kwao, godoro kichwani.

Njiani niliona mambo ambayo mwalimu wa hisabati hangeyaeleza. Mtu mmoja alibeba choo cha kauri, na kwake hapakuwa na bomba la maji. Mwingine alikimbia na katoni ya viatu, vyote vya mguu wa kushoto.

Papa alinipokea mlangoni, akanitazama kichwa hadi miguu, akatuita sisi watoto.

"Munisikie muzuri," alisema. "Njaa tutakuwa nayo. Lakini hakuna kitu ya bantu, ya watu wengine, itapita ku mulango huu. Hata sindano."

"Ndiyo, Papa."

Siku mbili nzima alikaa pale mlangoni kwenye kigoda chake. Majirani walipita na friji, mashuka na mifuko ya sukari. Wengine walimcheka. "Baba Dorcelle, unalinda nini? Nyumba yako iko mutupu!" Naye aliwajibu kwa adabu, "Ni kweli, iko mutupu. Mupite salama." Sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa namtazama mtu shujaa. Nilidhani ni mtu mwenye njaa tu, kama mimi.

Siku ya tatu makala, mkaa wetu wa kupikia, yaliisha. Wauza makala hawakuthubutu kuingia mjini, na Mama alikuwa na unga wa bukari moja, yaani ugali wa mlo mmoja, bila moto wa kuupikia. Hapo ndipo rafiki yangu Bijou aliponiita kwenye uzio.

"Kuya, Dorcelle! Ku magazini ya Monsieur Nissim mbao iko mingi, imevunjikavunjika tu."

"Papa alikataza vitu vya bantu."

"Kuni ni kitu? Vitu vilibebwa juzi. Hii ni takataka."

Hoja hiyo ilinipendeza mno, na sikuichunguza zaidi.

Monsieur Nissim alikuwa mzee wa Kiyahudi aliyezaliwa papa hapa Lubumbashi. Baba yake alitoka kisiwa cha mbali akafungua duka la vitambaa ng'ambo ya reli. Kitambaa cha gauni langu la komunyo ya kwanza tulikinunua kwake, na baada ya kupima aliongeza upana wa vidole vinne, "kwa sababu mutoto anarefuka mbio kama muhindi mu shamba."

Siku hiyo dukani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umepigwa kwa shoka. Nilichukua kipande kirefu cha mwimo, mti mgumu wenye rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka. Ubavuni kilikuwa na kinundu chembamba kama kidole. Nikadhani ni bawaba ya zamani, sikujali.

Nilipofika nyumbani, Papa alikuwa mlangoni. Nikazunguka nyuma kwa utulivu wa padri anayeelekea altareni, nikamwita Chance dirishani mwa jikoni.

"Pokea."

"Papa alisema hakuna kitu kupita!"

"Alisema kupita mlangoni. Dirisha halikutajwa."

Chance alifikiri, akaona kwamba ni kweli, akapokea.

"Mti huu unatoka wapi?" aliuliza Mama.

"Njiani, Mama."

"Papa yako ameuona?"

"Alikuwa pale pale mlangoni." Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Mama alichukua shoka, akautoa uani aupasue. Wakati huohuo Papa aliita kutoka nje.

"Dorcelle! We iko na macho muzuri. Twende tumusaidie Monsieur Nissim. Ametuma mutu kuniambia amepoteza kitu."

Nilimfuata tukavuka reli.

Tulimkuta mzee amepiga magoti kati ya vibanzi na vifungo vya mashati. Hakutazama rafu tupu hata mara moja.

"Baba Dorcelle," alisema, "nguo walibeba, sawa, nguo inafumwa tena. Mimi natafuta mezuza yangu. Kakopo kadogo, kama kidole hiki. Papa yangu alikagongomea ku mwimo wa mulango nikiwa mutoto. Alininyanyua, akaniambia, shika musumari."

"Ndani yake kuna nini?" niliuliza.

"Karatasi ya ngozi, ma fille, mutoto wangu. Imeandikwa kwamba mambo ya Mungu wazazi wawafundishe watoto, wakikaa nyumbani na wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Na yaandikwe ku milango. Kila asubuhi ninagusa pale kwa vidole, na ninasikia kama papa yangu anasema nami."

Papa aliitikia kwa kichwa. "Hata sisi tuko na tawi letu juu ya mulango. Na katekisimu yetu inasema, heshimu baba na mama. Amri ya nne."

"Ya tano," alisema Monsieur Nissim.

"Ya nne, Monsieur Nissim. Padri alitufundisha."

"Kwetu ni ya tano, na sisi tulianza kuhesabu zamani, mbele yenu!"

Wazee wawili walicheka, katikati ya duka lisilo na mlango. Mimi sikucheka. Niliona kwamba nimeivunja amri hiyo kwa hesabu zote mbili, na kwamba wakati huo Mama anatafuta kiberiti.

Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Karatasi ingekuwa majivu, na Papa angeendelea kuniamini maisha yake yote. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

"Papa," nilisema, "mbao ya mwimo iko kwetu. Jikoni. Ilipita ku dirisha."

Papa hakupaza sauti. Alinitazama kama mtu aliyegundua ufa kwenye mti aliouamini. Kisha akasema neno moja tu.

"Kimbia."

Nilikimbia zaidi kuliko siku ile mbuzi wa Sista Mkuu alipokata kamba. Nilipoingia uani, sufuria ilikuwa juu ya mafiga na maji yanachemka. Kipande chenye kinundu kilikuwa motoni, ncha yake inawaka, rangi ya kijani inatoa malengelenge. Nilikivuta nikaungua vidole. Nilipoona hakizimiki, nikashika sufuria kwa kitambaa na kumwaga maji yote juu yake.

"Dorcelle! Maji ya bukari!" Mama alilia. "Shetani gani amekuingia?"

"Ametoka, Mama," nilisema, nikilia mimi pia. "Anatoka sasa."

Papa na Monsieur Nissim walipofika, nilikuwa nimesimama mlangoni nimekishika kile kipande kwa mikono miwili. Mzee alikwangua rangi kwa kisu kidogo cha Papa, akafungua kopo lililokuwa bado na joto. Ngozi ilitoka imekunjwa, imekauka, ukingo wake umekuwa kahawia. Aliikunjua, akaisoma kimya huku midomo ikicheza. Akabusu vidole vyake.

"Neno zote ziko?" aliuliza Papa.

"Zote."

Niliomba adhabu mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya familia yetu. Papa aliingia jikoni, akang'oa ubao wa dirisha na kuutoa nje.

"Dirisha hili litalipa mwimo," alisema. "Na wewe utaliranda."

Nilipiga randa siku mbili, vidole vimefungwa kitambaa. Siku ya tatu tulipeleka mwimo mpya dukani, tukausimamisha. Monsieur Nissim aliniita karibu.

"Shika musumari, ma fille."

Nikaushika, yeye akapiga nyundo taratibu, na kakopo keusi upande mmoja kakarudi mahali pake.

"Papa yako alisahau kutaja dirisha," aliniambia. "Papa yangu naye alisahau mambo mengi. Hakuna muzazi anaweza kutaja kila kitu. Kumuheshimu ni kujua alitaka nini, na kufanya vile hata pale alisahau."

Papa aliongeza, macho yake yakiwa kwenye kazi ya randa, "Maneno yangu uliyasikia yote. Sasa unanisikia mimi." Kisha akapitisha kidole kwenye mwimo. "Na umeranda muzuri."

Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo, na nimewahi kupewa baiskeli.

Karibu na Noeli Monsieur Nissim alituletea pakiti ya sukari. Jioni Papa aliweka mkono mlangoni. "Hii ni ya sikukuu. Mutu asitie mukono."

"Na kijiko, Papa?" niliuliza.

Alifikiri. "Na kijiko."

"Umesahau mrija wa jani la papai, Papa. Mtu akitoboa pakiti pembeni, anaweza kuvuta."

Chance alinitazama kama msaliti wa taifa. Papa alikohoa, akageuza uso kulitazama tawi la mtende, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Na mrija wa papai," alisema.

"Ndiyo, Papa," nilijibu.