Alama Nyekundu kwenye Duka la Matao

Wewe unayesoma hadithi hii, usijifanye haikuhusu. Umepita mbele ya nyumba za zamani za mji wenu mara mia, macho yako yakiwa kwenye simu. Zikibomolewa unasema, "Ni maendeleo," unaendelea na safari. Ukiulizwa zilikuwa na madirisha mangapi, huna jibu. Dorine naye hakuwa na jibu, na kwa sababu hiyo nusura aangushe nyumba nzima kwa burashi moja.

Dorine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita mjini Homa Bay. Kila jioni baada ya masomo alipitia kwa mama yake, Pauline, aliyeshona nguo kwenye veranda ya duka la zamani lililojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Dorine alifagia vipande vya vitambaa, kisha akafanya kazi ya shule akiwa ameegemea nguzo. Kwa miaka minne aliiegemea nguzo ile bila kuitazama hata siku moja.

Alichokiona ni rangi iliyobanduka na mabati yenye kutu tu. Wenzake pia hawakuona zaidi ya hapo.

"Dorine, mamako anashonea watu ama majini?" Byron, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Mtu akipiga chafya hapo, nyumba yote chini!"

Darasa likaangua kicheko. Dorine alicheka nao, lakini maneno yale yalimchoma. Ng'ambo ya barabara jengo jipya la vioo lilikuwa likimaliziwa, naye alitamani mama yake ahamie huko.

Jumamosi moja, yeye na mama yake wakiwa kanisani na Wasabato wenzao na duka lote likiwa limefungwa, Dorine alichomoka katikati ya mahubiri. Alikuwa ameficha kopo la rangi nyekundu iliyobaki shuleni baada ya kupaka milingoti ya netiboli. Alijua, kama kila mtoto wa Kenya anavyojua, kwamba nyumba ikichorwa X nyekundu imeandikiwa kubomolewa. Akachora mistari miwili mirefu ukutani, akakimbia. Alidhani mama ataogopa, atahama, na mambo yataishia hapo.

Hayakuishia hapo. Jumapili asubuhi Pauline alipofika na kuiona alama ile, alikaa kwenye ngazi. Kinyozi wa chumba cha pili alianza kung'oa vioo vyake. Muuza viatu akajaza magunia. Na hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyeuliza ni nani ameiweka, lini, na kwa barua gani ya serikali. Watu wazima wenye akili zao waliona rangi wakainamisha vichwa. Ndivyo tulivyozoeshwa: ukuta ukichorwa, sisi tunafunga virago.

Mwenye nyumba, Mama Marcella, aliishi Migori. Alipopigiwa simu, alifanya wanachofanya wenye nyumba wengi wa kwetu. Aliamua kuibomoa mwenyewe mapema, aokoe mabati na mbao kabla ya tingatinga kuja kusaga kila kitu.

Jumatatu alasiri, Dorine alipotoka shuleni, alimkuta Mama Marcella pale dukani pamoja na Werema, fundi wa mawe kutoka Ukuria. Vibarua wawili walikuwa wameshapanda juu. Bati la kwanza lilikuwa limelala chini. Pauline alikuwa akifunga cherehani yake kwa kamba.

"Mama, si tutahamia lile jengo la vioo?" Dorine aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kule hawataki fundi wa veranda, nyathina," Pauline alijibu, akimwita mwanangu kwa Dholuo. "Nitarudi kijijini kwa nyanyako, huko Rangwe, nikalime. Nawe utahama shule."

Werema alitema mate viganjani, akaishika nyundo yake kubwa, akailenga nguzo ya kwanza.

"Fundi, ngoja!" Dorine alipiga kelele. "Usipige! Si serikali iliyochora. Ni mimi!"

Nyundo ilibaki hewani. Dorine akaeleza yote: rangi ya netiboli, kicheko cha darasa, aibu. Alilia, lakini hakuacha neno hata moja. Pauline alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa nacho mkononi.

Mama Marcella alimkodolea macho. Kisha akaketi juu ya gunia la viatu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nyumba yangu haijaandikiwa kufa! Nyinyi huko juu, shukeni! Hapana, msishuke! Rudisheni bati kwanza, mvua inakuja!"

"Hata mimi nilishangaa," Werema alisema, akiiweka nyundo chini. "Nimegonga huu ukuta mara tatu, unalia kama jiwe zima lisilo na ufa. Lakini nimeitwa kubomoa, sikuitwa kuuliza."

"Basi sasa tuambie ulichoona," Mama Marcella alimwambia. "Na wewe msichana, simama hapa katikati ya barabara, tazama juu."

Dorine alisimama. Werema akaonyesha kwa kidole. Zile nguzo zilibeba matao matano, kila jiwe limechongwa kwa mkono likabanana na mwenzake. Mafundi wa Kihindi walioijenga walileta mtindo wa matao kutoka kwao India, lakini veranda pana ilijengwa kwa ajili ya jua na mvua ya hapa ziwani. Chini ya dari kulikuwa na matundu yaliyochongwa kama maua, ya kutolea joto. Juu kabisa, ukuta wa mbele ulipanda kwa mikunjo kama mawimbi, ukaficha sehemu kubwa ya paa, na katikati yake palikuwa na tarakimu za plasta: 1938.

"Lile jengo la vioo likipigwa na jua, watakaokaa ndani wataiva," Werema alisema. "Hapa mamako anashona mchana kutwa bila feni."

Dorine aliyahesabu matao yale kwa kidole. Kumbe alikuwa akifanyia hesabu zake chini ya kazi kama hii!

Pauline alifungua kamba za cherehani. Hakumsamehe binti yake bure. Kwa siku tatu Dorine alisugua ile X kwa msasa na mafuta ya taa, na Byron, aliyekuja kucheka, akapewa msasa wake. Kinyozi alirudisha vioo vyake akipiga mluzi.

Siku ya mwisho Mama Marcella aliwaita wote. "Dorine alikosa, lakini alisema ukweli wakati ukweli ulikuwa mgumu, na ndiyo maana tumesimama kwenye kivuli hiki," alisema. "Sisi wakubwa tulikosa zaidi. Ghala la mawe la pamba la hapa mjini lilivunjwa nikiwa msichana, nikanyamaza. Nyumba hii nimeimiliki miaka thelathini bila kuinua shingo. Asiyekijua alicho nacho, mtu yeyote mwenye kopo la rangi anaweza kumnyang'anya."

Umesikia? Basi inuka. Tafuta jengo moja la zamani mjini kwenu leo hii. Hesabu nguzo zake, lichore, uliza nani alilijenga, andika majibu uyapeleke kwa mwalimu wako. Na ukiona mtu ameinua nyundo, mwambie akuonyeshe barua. Usiseme kesho. Nenda sasa!